Kura ni Nadhiri: Asili ya Neno la Kiingereza "Vote" na Dhamana ya Mpiga Kura

(Hotuba iliyotolewa na wakili mmoja katika semina ya elimu ya uraia iliyowakutanisha wanaharakati na waumini wa makanisa mbalimbali.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya mpiga kura na sheria. Wakili akipewa mada ya namna hiyo, desturi yake ni kufungua Katiba na kuanza kuhesabu vifungu. Vifungu vipo, na tutavifikia. Lakini leo tumeonelea tuanzie kwenye neno moja dogo la Kiingereza ambalo kila mmoja wetu amelisikia, hata asiyekwenda shule: neno *vote*. Tumelichagua kwa sababu tuliwahi kuulizwa swali tukashindwa kulijibu, na jibu lake tulilikuta baadaye ndani ya historia ya neno hilo.

Swali la mama mmoja

Miaka kadhaa iliyopita, msimu wa kampeni ukiwa umepamba moto, tulifundisha somo la uraia katika ukumbi wa kanisa huko mashambani. Tulipomaliza, watu wakatawanyika, ila mama mmoja mjane alibaki nyuma. Alitujia kwa unyenyekevu akasema, "Wanangu, ninyi ni mawakili. Mimi nimepewa pakiti mbili za unga, leso na shilingi mia tano. Kabla ya kupewa nilishikishwa Biblia, nikaapa kwamba nitampigia kura mtu fulani. Sasa nimesikia mafundisho yenu, na moyo wangu hautaki kumpigia yule mtu. Je, nikimpigia mwingine nimetenda dhambi?"

Tulimjibu haraka haraka, kama watu wenye gari la kuwahi. Tukamwambia, "Mama, kura ni siri. Mpigie umpendaye, hakuna atakayejua."

Mama yule akatutazama, akasema, "Ni siri kwa watu. Je, kwa Mungu?"

Hatukuwa na neno. Tulijua sheria, lakini yeye hakuwa ameuliza sheria peke yake. Aliuliza juu ya kiapo kilichotiwa ndani ya kura, na sisi tulikuwa hatujawahi kufikiri kama kura yenyewe ina uhusiano wowote na kiapo. Hotuba hii ni jaribio la kulipa deni lile.

Neno lililotoka madhabahuni

Neno *vote* limetoka katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, ambayo kwa karne nyingi ilikuwa lugha ya ibada katika Kanisa la Magharibi na lugha ya sheria kote Ulaya. Mzizi wake ni *votum*, na *votum* maana yake ni nadhiri. Mrumi aliyetaka kusafiri baharini, au jemadari aliyekwenda vitani, alisimama mbele ya miungu yake akasema: nikirudi salama nitatoa sadaka kadha wa kadha. Ahadi hiyo ndiyo iliyoitwa *votum*. Kwa kuwa mtu haweki nadhiri ila kwa jambo analolitamani kwa moyo wote, neno hilo hilo likaja kubeba pia maana ya tamanio, ombi na haja ya moyo.

Lilipoingia katika Kiingereza mnamo karne ya 15, lilikuwa limesogea kutoka madhabahuni hadi barazani. Likawa na maana ya haja ya mtu iliyotamkwa rasmi mbele ya wenzake ili ihesabiwe. Lakini ndugu zake hawakuondoka kanisani. Neno *vow*, ambalo Waingereza hulitumia kwa nadhiri ya ndoa na ya utawa, limetoka katika *votum* hiyo hiyo kwa kupitia Kifaransa. Vivyo hivyo *devotion*, yaani kujitoa kwa ibada. Kwa hiyo Mwingereza anapofunga ndoa, anaposali na anapopiga kura, hutumia maneno ya ukoo mmoja, ingawa huenda mwenyewe hana habari.

Hapa tuseme jambo moja ili tusipotoshane. Asili ya neno si sheria ya maana yake. Warumi wenyewe hawakuiita kura *votum*; waliiita *suffragium*. Nalo neno hilo likaingia kanisani kwa mlango mwingine, maana katika ibada ya Kianglikana maombi mafupi ya kupokezana kati ya padre na waumini yamekuwa yakiitwa kwa jina lililotokana nalo. Hatusemi basi kwamba mtu analazimika kuifanya kura yake nadhiri kwa sababu Warumi walisema hivi au vile. Tunachosema ni kwamba maneno hutunza kumbukumbu. Watu walipotafuta jina la kuita kitendo cha raia kutamka haja yake juu ya utawala, walichukua neno la mtu aliyesimama mbele ya Mungu akijifunga kwa ahadi. Kumbukumbu hiyo inafaa kuchunguzwa.

Kijipira, kichwa na kura

Neno hilo lina majirani wawili katika Kiingereza. La kwanza ni *ballot*. Hili limetoka katika Kiitaliano, na maana yake ni kijipira. Katika jamhuri ya Venice wapiga kura hawakuandika kitu. Walidumbukiza vijipira katika chombo maalumu, hiki cha kukubali na kile cha kukataa. Na kwa kuwa sikio la jirani ni kali, vijipira vile vilitengenezwa kwa kitambaa ili visisikike vikianguka. Fikirini busara ya watu wale: walijua kwamba hata sauti ndogo ya kitu kikianguka ndani ya chombo yaweza kumponza mtu.

Jirani wa pili ni *poll*, ambalo asili yake ni kichwa. Kupiga kura kwa maana hii ni kuhesabu vichwa. Kichwa cha tajiri ni kimoja, na cha maskini ni kimoja. Neno hili limebeba usawa, kama vile *ballot* ilivyobeba siri na *vote* ilivyobeba ahadi.

Na Kiswahili chetu je? Sisi tunasema *kura*, neno tulilolipata kutoka kwa Waarabu, na asili yake ni kupiga bahati ili kuamua jambo. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka Matendo ya Mitume, sura ya kwanza: baada ya Yuda kuanguka, mitume walisimamisha watu wawili, wakasali, wakapiga kura, na kura ikamwangukia Mathiya. Ndugu zetu Waislamu nao wanasoma katika Surat Al Imran jinsi watu walivyotupa kalamu zao ili ijulikane ni nani atakayemlea Maryam. Kura ya namna hiyo haina mnunuzi, kwa sababu hakuna mwanadamu anayeimiliki. Hapo pana fundisho zuri. Lakini pana hatari pia, maana yupo mwananchi anayeuendea uchaguzi kama bahati nasibu: "Wote ni wale wale, acha nitupe tu, litakaloanguka na lianguke." Tazameni lakini walivyofanya mitume. Kabla ya kupiga kura waliweka sifa. Walitaka mtu aliyefuatana nao tangu mwanzo, shahidi wa mambo waliyoyaona. Walipembua kwanza, ndipo wakapiga kura.

Siri haikuja bure

Sasa tuangalie jinsi siri ilivyopatikana, maana wapo wanaodhani kwamba kura ya siri ni jambo la kawaida lililokuwapo siku zote.

Huko Roma watu walipiga kura kwa kutamka kwa kinywa mbele ya msimamizi hadi mwaka wa 139 kabla ya Kristo, ilipopitishwa sheria ya kuwachagua viongozi kwa kuandika kwenye vibao. Miaka 2 baadaye utaratibu huo ukapelekwa katika mashauri mengi yaliyoamuliwa na watu. Wakubwa hawakufurahi. Cicero, aliyekuwa wakili hodari kuliko wote wa zama zake, aliandika kulalamika kwamba vibao vile vimewapunguzia watu bora nguvu ya ushawishi wao. Malalamiko yake ni ushahidi mzuri kwamba siri ilifanya kazi iliyokusudiwa.

Uingereza, ambayo watu huiita mama wa mabunge, ilikawia kuliko tunavyofikiri. Hadi karne ya 19 mpiga kura Mwingereza alisimama hadharani akataja jina la mtu wake, na karani akaliandika katika kitabu ambacho yeyote aliweza kukisoma. Mwenye shamba alikisoma. Mwenye kiwanda alikisoma. Huko Wales, baada ya uchaguzi wa mwaka 1868, wapangaji walifukuzwa katika mashamba kwa kosa la kumpigia mtu ambaye bwana shamba hakumtaka. Wafanyakazi walikuwa wamedai kura ya siri katika Mkataba wao wa mwaka 1838, wakapuuzwa. Makoloni ya Australia yalitangulia mwaka 1856, na Uingereza yenyewe ikafuata kwa sheria ya mwaka 1872.

Waliopinga hawakuwa wajinga wote. Mwanafalsafa John Stuart Mill, mtetezi mkubwa wa uhuru, aliandika mwaka 1861 kwamba kura ni amana ambayo mtu anaishika kwa niaba ya umma, na mwenye kushika amana hana budi kuitumia mbele ya macho ya umma. Hoja hiyo ina nguvu, na nusu yake tunaikubali kabisa: kura ni amana. Lakini Mill aliisahau njaa. Ambaye shamba lake, kazi yake na karo ya watoto wake viko mikononi mwa mtu mwingine hawezi kuitimiza amana hiyo hadharani. Atatamka haja ya bwana wake huku akiiita haja yake. Kwa mtu kama huyo, siri ndiyo mahali pekee anapoweza kuwa mwaminifu.

Kichwa cha kutozwa kodi

Tukirudi nyumbani, tunakuta kwamba hapa Kenya maneno haya yalikuja yakiwa yamegawanyika. Mkumbuke kwamba *poll* ni kichwa. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Kichwa cha Mwafrika kikahesabiwa ili kitozwe. Miaka 10 baadaye, mwaka 1920, walowezi wa Kizungu waliwachagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Kichwa cha Mwafrika hakikuhesabiwa. Ilibidi kingoje hadi Machi 1957, ambapo Waafrika walichagua wajumbe 8 kwa mara ya kwanza. Na hata hapo hesabu haikuwa ya kichwa kimoja kura moja. Mtu alipimwa kwa elimu, mapato, mali na utumishi wake, na mmoja aliweza kuwa na kura hadi 3 wakati jirani yake hana hata moja. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa zaidi ya hayo wawe na cheti cha uaminifu kwa serikali. Kwa muda wa miaka 47, basi, mzee wa Kiafrika alikuwa kichwa mbele ya karani wa kodi, na si kichwa mbele ya karani wa kura.

Uhuru ulitupa hesabu kamili. Lakini waliotupa hesabu hawakukawia kutupunguzia chaguo. Chama cha KPU kilipigwa marufuku mwaka 1969. Mwaka huo huo, baada ya kuuawa kwa Tom Mboya, watu wengi walipelekwa kulishwa viapo vya kikabila, na wapo Wakristo waliopigwa kwa kukataa. Mwaka 1982 kifungu cha 2A kiliifanya nchi kuwa ya chama kimoja kwa sheria. Kisha ukaja mlolongo.

Sisi tulio na miaka arobaini na ushei tulikuwa watoto wa shule ya msingi wakati huo, lakini tunaikumbuka ile milolongo ya mwaka 1988. Watu walijipanga nyuma ya wagombeaji au mawakala waliobeba picha zao, naibu wa chifu akizunguka na karani wakihesabu. Kanuni ilikuwa kwamba aliyepata zaidi ya asilimia 70 katika mchujo huo anakwenda Bungeni moja kwa moja, pasipo kura ya siri. Tuliwaona wazee tuliowaheshimu wakiangaza huku na huku kabla ya kuchagua pa kusimama, kwanza wakitazama ni nani anayewatazama. Na mara nyingi aliyetangazwa mshindi ndiye aliyekuwa na mlolongo mfupi, maana watu wakishatawanyika, hakuna debe la kufunguliwa na kuhesabiwa upya.

Watetezi wa mlolongo walisema hoja ile ile ya wapinzani wa siri kule Uingereza. Walisema ni njia ya uwazi, ya ujasiri, tena ya Kiafrika. Makanisa yalikataa. Baraza la Makanisa, NCCK, lilipinga tangu utaratibu huo ulipotangazwa mwaka 1986, likisema kwamba utawagawanya waumini na kuwatisha wanyonge. Maaskofu Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari, na Mchungaji Timothy Njoya, waliyasema hayo mimbarani wakatukanwa hadharani. Gazeti la *Beyond* lililochapishwa na NCCK lilieleza udanganyifu uliofanyika mwaka 1988. Likapigwa marufuku, na mhariri wake akafungwa. Tunayakumbusha haya ili kijana aliyezaliwa baada ya hapo ajue kwamba lile pazia la kadibodi analosimama nyuma yake kituoni lilinunuliwa kwa gharama. Mlolongo uliachwa Desemba 1990. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Uchaguzi wa vyama vingi ulifanyika tarehe 29 Desemba 1992. Na Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 38 imeifanya kura ya siri kuwa haki ya kila raia mtu mzima, na katika kifungu cha 81 imeifanya kuwa sharti la uchaguzi huru na wa haki.

Jibu kwa yule mama

Basi tumrudie mama yetu. Aliuliza kama kiapo alichokula kinamfunga.

Tuanze kwa sheria. Kuna kanuni ya kale inayosema kwamba mahakama haitamsaidia mtu anayejenga dai lake juu ya tendo lake ovu. Mkataba wa kununua kura ni batili tangu mwanzo. Aliyetoa unga hawezi kwenda mahakamani kudai kura, na akienda atakuwa anajishtaki. Lakini tusiufiche upande wa pili. Sheria ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016 inamhesabu kuwa mkosaji anayetoa hongo, na pia mpiga kura anayeipokea. Kwa hiyo wanaharakati wenzetu wanaowafundisha watu kula huku na kupiga kura kule, tunawaomba wafikirie upya. Tunaelewa kwa nini wanasema hivyo. Mwenye njaa haambiwi akatae unga kwa urahisi na mtu aliyeshiba. Lakini fundisho hilo halimponyi mtu. Linamzoesha mwananchi kuiona kura kama bidhaa, na linamzoesha mwanasiasa kutafuta fedha zaidi za kununulia, ambazo atazirudisha kutoka katika dawa za zahanati na madawati ya shule zetu. Warumi walikuwa na jina la kosa hilo, *ambitus*, yaani kuzungukazunguka. Na kutoka ukoo huo Waingereza wamepata neno lao la uchu wa makuu. Anayezunguka usiku na mifuko ya unga ni wa zamani sana.

Sasa tuje kwenye swali lake la Mungu, na hapa tunazungumza kama waumini, tukiwaachia wachungaji kutusahihisha. Mfalme Herode alikula kiapo mbele ya wageni wake kwamba atampa binti wa Herodia lolote atakaloomba. Alipoombwa kichwa cha Yohana Mbatizaji alihuzunika, lakini kwa ajili ya kiapo chake na aibu ya wageni akatuma mtu aende akakate. Je, yuko mhubiri aliyewahi kumsifu Herode kwa kutimiza ahadi? Hatujamsikia. Dhambi yake ya kwanza ilikuwa kuapa ovyo, na ya pili ikawa kubwa kuliko ya kwanza: kukitimiza kiapo kwa damu ya mtu asiye na hatia. Kiapo cha kutenda ubaya hutubiwa, hakitekelezwi.

Na hapa ndipo neno letu linapotusaidia. Kama kura yenyewe ni nadhiri, basi mama yule alikuwa na nadhiri kabla ya kushikishwa Biblia. Alikuwa nayo kwa watoto wake, kwa jirani zake, kwa wale ambao hospitali yao haina dawa. Nadhiri hiyo ndiyo aliyotakiwa kuiuza kwa shilingi mia tano. Kiapo cha pili kilikuja kuivunja ya kwanza, na hakiwezi kuishinda.

Tena tukumbuke nadhiri ya Hana katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Hana alikuwa mwanamke aliyedharauliwa nyumbani mwake. Alikwenda hekaluni akaweka nadhiri moyoni. Midomo ilicheza, sauti isisikike. Eli kuhani alimtazama akadhani amelewa. Mwenye cheo hakuielewa nadhiri ile, wala haikumhusu kuielewa. Mungu aliisikia. Tunapomtazama mama mjane akiingia peke yake nyuma ya pazia na karatasi mkononi, tunamwona Hana. Siri ile haimfichi kwa Mungu. Inamficha kwa Eli, na kwa wale wabaya kuliko Eli.

Kwa hiyo, mama, kama habari hii itakufikia, jibu letu ni hili. Ulikosea kupokea, nasi tulikosea kukujibu kwa haraka. Kiapo ulichoshikishwa hakikufungi. Kitubie, na kura yako mpe yule ambaye dhamiri yako, baada ya kupembua na kusali, inakuambia kwamba atawatumikia wanao. Hukumdanganya Mungu. Waliokushikisha Biblia ndio waliotaka kumfanya Mungu shahidi wa biashara yao.

Nadhiri haiishii debeni

Tumebakiwa na jambo moja. Mkataba ukishalipwa umekwisha. Anayeuza kura hana neno tena. Amelipwa, atadai nini? Kwa upande wake aliyeweka nadhiri ndiyo kwanza ameanza. Hana alipompata mtoto alirudi hekaluni kutimiza aliyosema.

Kutimiza kwa mpiga kura ni nini? Ni kubaki karibu hadi kura zihesabiwe, na kuisoma Fomu 34A inapobandikwa mlangoni mwa kituo. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya uchaguzi wa rais uliofanyika mwezi Agosti, na sehemu kubwa ya shauri lile ilihusu fomu: zilijazwaje, zilipelekwaje, na ziko wapi. Karatasi ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuisoma kwa macho yake mlangoni ndiyo iliyokuwa ikitafutwa na mawakili wakubwa wa nchi. Kutimiza ni pia kuhudhuria vikao vya bajeti ya kaunti hata kama hakuna chai. Ni kumwandikia mbunge barua na kudai jibu.

Na kuna onyo la siku hizi. Siku hizi anayenunua kura haridhiki na kiapo, anataka picha. Mpiga kura anaambiwa aingie na simu, aipige picha karatasi yake akiwa nyuma ya pazia, akitoka aonyeshe ndipo alipwe. Kijana anaona ni jambo dogo. Ndugu zetu, huo ni mlolongo umerudi. Kile kijipira cha kitambaa kimefanywa cha chuma tena ili kisikike kikianguka. Tunawaomba viongozi wa makanisa walitaje jambo hili mimbarani kwa jina lake, kama mababa walivyoutaja mlolongo, na mawakala wa vyama vyote wasilifumbie macho, hata pale anayefaidika ni mtu wao.

Tunawaomba pia wachungaji jambo ambalo huenda likawa gumu zaidi. Msikubali Biblia ya kanisa lenu itumike kuapishia wapiga kura. Na mgombeaji anapokuja Jumapili na bahasha ya harambee, mkumbuke kwamba waumini wenu wanatazama ni mkono gani unaoipokea.

Tumekuja na neno moja la kigeni, na tumeligeuza huku na huku. Limetuonyesha madhabahu, kijipira na kichwa: ahadi, siri na usawa. Mkipata nafasi ya kusema jambo moja tu kwa jirani zenu mtakaporudi makwenu, mwambieni kila mmoja kwamba ana kichwa kimoja kama tajiri, kwamba hakuna mwenye haki ya kuchungulia karatasi yake, na kwamba alichokiandika pale ameahidi. Kisha muulizeni kama yuko mtu aliyemshikisha Biblia. Mkimpata, msimjibu kwa haraka kama tulivyofanya sisi. Kaeni naye.